Habari ya Joomla: Chombo cha Jumla na Ulinzi Wake

Vikundi vingi siku hizi vyatamani kuwa na tovuti, yaani kurasa zao katika intaneti, lakini watu hudhani kazi hiyo ni ya mafundi tu. Katika somo hili twataka kueleza chombo kimoja ambacho jina lake limetoka katika lugha yetu wenyewe, tena kuonyesha kwa nini kitu kitolewacho bure chahitaji kulindwa.

1. Asili ya jina

Hapo kwanza palikuwa na programu iitwayo Mambo, iliyoanzishwa na kampuni ya Miro ya Australia. Mwezi wa Agosti 2005 waundaji wake walitofautiana na kampuni hiyo katika habari ya usimamizi, wakatoka. Lakini programu yenyewe ilikuwa huria, maana leseni yake yampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kwa hiyo waliweza kuiendeleza kazi ile kwa jina jipya. Wakachagua neno la Kiswahili "jumla", wakaliandika Joomla ili wasemao Kiingereza walitamke sawasawa. Toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka ule ule.

2. Jinsi kifanyavyo kazi

Programu hii hukaa katika seva, nayo ni kompyuta iwakayo usiku na mchana. Maneno huwekwa katika hifadhidata, na sura ya ukurasa hutoka katika kiolezo. Hivi vitu viwili vimetengwa; ukibadili kiolezo, sura hugeuka, lakini maneno yabaki. Basi mwandishi hana haja ya kujua lugha ya mafundi.

Tuseme chama cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma chataka kutangaza mavuno yake. Zabibu huvunwa huku mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo habari na bei hazikai hali moja. Joomla huwagawia watu kazi kwa daraja: mwandishi hutunga habari na kurekebisha zilizo zake, mhariri aweza kusahihisha hata za wengine, mchapishaji ndiye aziruhusuye zionekane. Karani aandike bei, mwenzake aipime, wa tatu aitoe. Hivyo kosa la mmoja halitawapoteza wanunuzi.

3. Ulinzi wake

Programu haina bei, lakini kuitunza kuna gharama. Nafasi katika seva na jina la tovuti hulipiwa. Malipo yakisahauliwa, kurasa hutoweka. Tena matoleo huzeeka. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2012, na Agosti 2023 waundaji wakaacha kulitengeneza. Tovuti iliyobaki na toleo hilo ni kama ghala lenye tundu lisilo na fundi, nao wezi wa mtandao hutafuta matundu ya namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini hatari kubwa ni habari ya funguo. Mara nyingi kijana mmoja hujenga tovuti, naye peke yake ajua neno la siri, hata jina la tovuti limeandikishwa kwake. Akihama au akifariki, chama chabaki nje ya nyumba yake chenyewe. Kwa hiyo yafaa mambo matatu: jina liandikishwe kwa chama, wasimamizi wakuu wawe wawili, kila mmoja na neno lake la siri, na nakala ya mafaili pamoja na hifadhidata iwekwe mbali na seva, tena ijaribiwe kama yaweza kurudishwa.

Chombo cha jumla chataka ulinzi wa jumla.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini waundaji waliotoka waliweza kuendelea na kazi ile?
2. Kazi ya mhariri na ya mchapishaji zatofautianaje?
3. Katika chama chenu, ni nani ashikaye funguo, na nani wa pili wake?