Kuchagua Daraja la Leseni ya Lori Nchini Marekani

Msomaji aliyezoea leseni za Kenya au Tanzania na ajihadhari na herufi. Huko, A ni daraja la pikipiki. Katika leseni ya biashara ya Marekani, iitwayo CDL, A ni daraja la malori makubwa kuliko yote. Anayekosea kuchagua daraja hupoteza ada ya mafunzo pamoja na muda wa kufanya kazi.

Madaraja matatu

Daraja A ni la gari pamoja na tela lake, iwapo uzito wa juu ulioidhinishwa wa vyote viwili ni pauni 26,001 (takribani kilo 11,794) au zaidi, na wa tela peke yake unazidi pauni 10,000. Ndilo daraja la malori ya masafa marefu.

Daraja B ni la gari moja lenye uzito ulioidhinishwa wa pauni 26,001 au zaidi, hata likivuta tela lisilozidi pauni 10,000. Humo mna matipa na malori mengi ya taka.

Daraja C si leseni ya lori dogo, kama wengi wanavyodhani. Ni la magari yasiyofikia viwango hivyo, lakini yanayobeba watu 16 au zaidi pamoja na dereva, au shehena hatarishi inayodai mabango ya tahadhari. Lori dogo lisilo na tela, linalobeba mizigo ya kawaida, halihitaji CDL.

Mwenye daraja A aweza pia kuendesha magari ya B na C, maadamu ana vibali vya ziada vinavyotakiwa, kama vile cha abiria. Mwenye B akitaka A hana budi kupata mafunzo mengine na kutahiniwa tena.

Gari la mtihani

Leseni hufuata gari ulilotahiniwa nalo. Ukitumia gari la gia otomatiki, leseni hutiwa alama E, nawe huruhusiwi kuendesha gari la biashara lenye gia za mkono. Gari lisilo na breki za upepo huleta alama L, inayokuzuia kuendesha magari yenye breki hizo.

Kabla ya kulipa ada

1. Je, chuo kimo katika orodha ya watoa mafunzo ya FMCSA? Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba daraja A au B kwa mara ya kwanza sharti afunzwe na aliyeorodheshwa.

2. Mtihani utafanywa kwa gari la aina gani?

3. Ukiacha masomo, utarudishiwa kiasi gani? Je, ahadi ya kazi imeandikwa katika mkataba?

4. Ikiwa wewe si raia, je, ofisi ya leseni ya jimbo lako inazikubali hati zako?

5. Je, Kiingereza chako kinatosha? Mtihani wa kuendesha hauruhusu mkalimani.

6. Je, umetimiza miaka 21? Aliye chini ya umri huo kwa kawaida haruhusiwi kusafirisha mizigo baina ya majimbo.

Jibu lolote lisilopatikana kwa maandishi ni sababu tosha ya kuahirisha malipo.