Kazi Isiyoonekana: Namna Kivinjari cha Intaneti Kinavyojisasisha, na Jinsi ya Kuisimamia Kazi Hiyo

Katika kata ya Izimbya, Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani nchini Tanzania, kompyuta ya ofisi ya shule, ya zahanati au ya duka la steshenari aghalabu hupata intaneti kwa njia ya simu ya mkononi. Data hununuliwa kwa kifurushi, na kifurushi kina kikomo. Kwa hiyo mtumiaji hushangaa anapoona kifurushi kimepungua ilhali hakufungua ukurasa wowote. Akichunguza orodha ya programu zilizo kazini, hukuta humo jina ambalo hakuliita, kwa mfano GoogleUpdate. Wazo la kwanza linalomjia ni kuizima programu hiyo moja kwa moja.

Makala hii inaeleza programu hiyo ni nini, hufanya kazi kwa hatua zipi, na kwa nini kuizima kabisa huleta hasara inayozidi thamani ya kifurushi kinachookolewa. Mwishoni zinatolewa njia za kuisimamia bila kuiua.

Mchakato wa chinichini ni nini?

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtu kusoma kurasa za intaneti. Vinavyojulikana zaidi ni Chrome, Firefox na Edge. Programu yoyote ikiwa kazini ndani ya kompyuta huitwa mchakato. Baadhi ya michakato ina dirisha ambalo mtumiaji huliona. Mingine haina dirisha lolote, nayo huitwa michakato ya chinichini. Mchakato wa kusasisha kivinjari ni wa aina hii ya pili.

Zamani kivinjari kilimwuliza mtumiaji iwapo angependa kupata toleo jipya, na watumiaji wengi walijibu kuwa wangefanya hivyo baadaye, wasifanye kamwe. Chrome, iliyotolewa mwaka 2008, ilikuja na programu ya pembeni iliyofanya kazi hiyo bila kuuliza. Firefox ilifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Toleo lake la 12, la mwaka 2012, lilileta huduma ya kuweka masasisho katika Windows bila kuomba ruhusa kila mara. Toleo la 90, la mwaka 2021, liliwezesha kivinjari kusasishwa hata kikiwa kimefungwa.

Kazi hii imetengwa na kivinjari chenyewe kwa sababu ya msingi: si rahisi programu kubadilisha mafaili yake ikiwa inayatumia wakati huo huo. Hapana budi awepo fundi aliye nje ya nyumba.

Hatua tano za kazi

Kwanza ni kuuliza. Mfumo endeshi wa kompyuta huuamsha mchakato kwa ratiba. Kwa Chrome ni kila baada ya muda wa saa tano hivi. Mchakato hutuma kwa seva ya mtengenezaji namba ya toleo lililopo, na hujibiwa iwapo kuna jipya. Swali hili ni dogo sana, wala si hilo linalomaliza kifurushi.

Pili ni kupakua. Hapa ndipo data inapotumika. Wahandisi wamejitahidi kupunguza gharama hii kwa kutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, badala ya kutuma programu nzima. Mwaka 2009 wahandisi wa Chrome walieleza mbinu yao iitwayo Courgette kwa mfano mmoja: sasisho zima lilikuwa na baiti 10,385,920, kwa mbinu ya kawaida ya kutafuta tofauti lilipungua hadi baiti 704,512, kwa Courgette likawa baiti 78,848, yaani dogo mara 130 hivi kuliko lile la kwanza. Ieleweke, hata hivyo, kwamba tofauti hiyo huwa ndogo pale matoleo mawili yanapofuatana kwa karibu. Kompyuta iliyoachwa miezi mingi bila kusasishwa aghalabu hulazimika kupakua programu nzima. Hivyo yule anayezuia masasisho kwa nia ya kubana matumizi huenda akalipa zaidi siku atakapoyaruhusu.

Tatu ni kuhakiki. Kifurushi kilichopakuliwa hupimwa kwa hesabu maalumu na kukaguliwa saini yake ya kidijitali, ili kuthibitisha kwamba kimetoka kwa mtengenezaji na hakikubadilishwa njiani.

Nne ni kuweka. Mkulima wa kibanja cha Kagera ataielewa hatua hii upesi. Katika shina moja la migomba, chipukizi hukua pembeni mwa mgomba mama. Mama haukatwi mpaka umekwisha kuzaa, na mwenye kibanja hakosi mgomba hata siku moja. Chrome katika Windows hufanya vivyo hivyo: toleo jipya huwekwa katika folda yake, pembeni mwa toleo la zamani linaloendelea kutumika. Faida yake ni kubwa mahali ambapo umeme hukatika. Umeme ukizimika katikati ya kazi, toleo la zamani kwa kawaida hubaki zima, na kazi huanza upya baadaye.

Tano ni kubadilishana. Toleo jipya hushika nafasi pale tu mtumiaji anapokifunga kivinjari na kukifungua tena. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mtu asiyefunga kivinjari chake kwa wiki tatu huwa amekwisha kulipia data ya kinga, kinga imo ndani ya diski, lakini yeye bado anatumia programu yenye kasoro.

Kwa nini matoleo hayaishi?

Wengi hudhani kwamba toleo jipya ni pambo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya masasisho huziba nyufa za usalama. Mnamo Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika maktaba ya programu inayosoma picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumpa mshambuliaji njia ya kuingia katika kompyuta ya aliyeitazama. Maktaba hiyo ilitumiwa na vivinjari vingi, na kasoro ilikuwa imekwisha kuanza kutumiwa na wahalifu. Chrome ilitoa kinga tarehe 11 Septemba, na Firefox siku iliyofuata. Aliyeruhusu mchakato wa chinichini alikingwa bila kujua. Aliyeuzima alibaki wazi, naye pia bila kujua.

Mfano mwingine hauhusu kivinjari, bali mfumo wa Windows. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kinga dhidi ya ufa fulani. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipita katika ufa huo huo na kufunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilivurugika na miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Dawa ilikuwapo, haikuwa imenywewa.

Namna ya kusimamia

Mtumiaji mwenye kifurushi kidogo hakatazwi kuchagua wakati. Njia zifuatazo zafaa.

1. Kuchagua saa. Katika Firefox mtumiaji anaweza kuagiza programu itafute toleo jipya lakini imwachie yeye uamuzi wa kuliweka. Anaweza pia kuondoa ruhusa ya kusasisha kivinjari kikiwa kimefungwa. Kwa Chrome, msimamizi wa kompyuta nyingi anaweza kupanga saa ambazo masasisho husimama, zisizozidi 16 kwa siku.

2. Kupakua mara moja. Tuseme shule ina kompyuta 10, na programu nzima ni megabaiti 100. Zote zikipakua kila moja peke yake, zitatumia megabaiti 1,000. Programu kamili ya kusimika ikipakuliwa mara moja kutoka kwa mtengenezaji na kupelekwa kwa diski mweko, gharama ni megabaiti 100 tu.

3. Kuiarifu Windows kwamba muunganisho unalipiwa kwa kipimo. Hapo Windows huahirisha sehemu kubwa ya masasisho yake yenyewe. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila programu nyingine itatii.

4. Kukagua. Ukurasa wa "Kuhusu" ndani ya kivinjari huonyesha namba ya toleo, na kuufungua kwenyewe huanzisha utafutaji wa toleo jipya. Inafaa kufanya hivyo mara moja kwa wiki, kisha kukifunga na kukifungua kivinjari.

Hadhari mbili

Wahalifu hutengeneza kurasa zinazodai kwamba kivinjari kimepitwa na wakati, zikimtaka msomaji abonyeze kitufe na kupakua faili. Sasisho la kweli haliletwi na ukurasa unaosomwa. Huletwa na mchakato ulioelezwa hapa. Anayeuelewa mchakato huu hadanganyiki kwa urahisi.

Aidha, kompyuta kuukuu huweza kukaa kimya si kwa sababu ni salama, bali kwa sababu imeachwa. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Shule au ofisi inayopokea msaada wa kompyuta zilizotumika haina budi kuuliza kwanza iwapo mfumo wake bado unapata kinga.

Hitimisho

Mchakato wa chinichini si mwizi wa kifurushi; ni mlinzi anayelipwa kwa data. Mwenye nyumba anayo haki ya kumpangia zamu, lakini akimfukuza, na akeshe mwenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kivinjari hakijisasishi kikiwa wazi, bali hutumia mchakato wa pembeni?
2. Eleza kwa nini kuahirisha masasisho kwa muda mrefu huweza kuongeza matumizi ya data.
3. Fungua ukurasa wa "Kuhusu" katika kompyuta iliyo karibu nawe. Je, toleo lililopo ndilo la karibuni? Kama silo, ni hatua ipi kati ya zile tano iliyokwama?