Oksijeni katika Magamba ya Konokono: Ushahidi wa Tabianchi ya Kale Ziwani Turkana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni jungu la aina hiyo: lina mito inayoingia lakini halina mto unaotoka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, nayo huondoka kwa kugeuka mvuke. Makala haya yanaeleza jinsi magamba ya konokono wa majini yanavyohifadhi habari za mvukizo huo, na tahadhari inayompasa mwenye kuzisoma.

Oksijeni nyepesi na nzito

Kila atomi ya oksijeni ina protoni 8, ila idadi ya nyutroni hutofautiana. Yenye nyutroni 8 huitwa oksijeni-16. Yenye nyutroni 10 huitwa oksijeni-18. Aina hizi za elementi moja ndizo isotopu. Oksijeni-18 ni haba, takriban atomi 2 katika kila 1,000. Maji yenye oksijeni-16 ni mepesi, hivyo huvukizwa kwa wepesi zaidi. Mazito husalia mithili ya ukoko. Katika ziwa lisilo na mto unaotoka, ukame hupandisha uwiano wa oksijeni-18, na mafuriko huushusha.

Konokono hujenga gamba lake kwa kalisi kaboneti, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka hubaki na alama ya maji ya wakati wake. Mtafiti hukwangua unga kidogo, akautia asidi ili upatikane gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha akaipima kwa mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito.

Tatizo la ufasiri

Mnamo 1947, Harold Urey, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kuwa joto nalo huathiri kiasi cha oksijeni-18 kinachoingia katika kaboneti. Joto la maji likipanda kwa nyuzi 4 hivi, uwiano hushuka kwa takriban sehemu 1 katika 1,000. Gamba pekee, basi, ni kama neno "kaa" nje ya sentensi: lina maana zaidi ya moja. Muktadha wake ni ziwa lenyewe. Huko Turkana joto la maji halibadiliki sana. Mvukizo na maji ya Omo ndiyo yenye nguvu. Kwa hiyo maji ya leo na konokono walio hai hupimwa kwanza, ndipo magamba ya kale yalinganishwe nao.

Magamba hayo hupatikana nchi kavu, makumi ya mita juu ya ufuo wa sasa. Ni masalio ya kipindi cha mvua nyingi kilichokoma takriban miaka 5,000 iliyopita, ambapo ziwa lilifurika hadi bonde la Nile.

Hitimisho

Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda, yakameza makazi na malisho. Vipimo vya kina cha maji vilivyoandikwa havizidi vizazi vichache. Magamba yanakumbuka maelfu ya miaka. Anayepanga makazi ya wavuvi kwa kutazama ufuo wa leo tu hajalisoma ziwa lote.