MKOKO SI MMOJA

Wanachama wenzangu, nani kati yetu hajawahi kuandika katika insha kuwa "mkoko umealika maua"? Tunaandika ili mwalimu atie vyema. Lakini muulize mwandishi mkoko ni mti gani, atakujibu, "Si ule wa baharini?" Basi, kimya.

Mwaka huu nilifika Gazi, Kaunti ya Kwale. Huko niliona kwamba neno "mikoko" tumelibebesha miti mingi. Kenya ina aina tisa, na Waswahili wa pwani walizipa majina zamani sana.

Ukianzia upande wa bahari, mara nyingi anayepokea mawimbi ni mlilana. Nyuma yake ndipo ulipo mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia na mkandaa. Mchu ni kituko: huweza kuota mbele na pia nyuma kabisa, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu na chumvi ni kali mno. Mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli ili ipate hewa, na majani yake hutoa chumvi. Yalambe, utaionja! Waliobaki ni mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi.

Sasa sikilizeni shida. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ikaning'inia kama mkuki. Kuipanda ni kuichomeka tu. Kwa hivyo watu wengi wakija kupanda "mikoko" hupanda mkoko, tena popote pale penye nafasi. Ukiupanda mahali pa mchu, chumvi huuua. Ukiupanda mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Picha zimepigwa, soda zimenywewa, na baada ya miezi michache ni vijiti vikavu tu.

Si ati miti hii haina kazi. Wajenzi wana majina kulingana na unene wa nguzo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Boriti za Lamu zilisafirishwa hadi Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo ya ng'ambo mwaka 1982. Gazi nako msitu ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walianza kupanda upya katika miaka ya 1990, na tangu 2013 wanakijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Lakini hewa ukaa huhesabiwaje? Watafiti huzungushia kamba mraba wa mita 10 kwa 10, hutaja jina la kila mti, hupima shina kwenye kimo cha kifua, huhesabu na miche. Kila aina ina kanuni yake ya kukadiria uzito. Ukiuita muia mkoko, hesabu nzima imeharibika, na hesabu ndiyo pesa ya mfereji.

Ukitaka kupanda, chungulia kwanza visiki. Mti uliokatwa hapo ndio uliojua mahali pake. Pasipo na kisiki wala mche hata mmoja, uliza kwanza kama hapo paliwahi kuwa msitu.