Mtu ni Afya: Somo la 1973 kwa Magonjwa ya Moyo na Kisukari

Mwaka 1973, kwa muda wa majuma 12, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kando ya redio ili kujifunza habari za afya. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya, na iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kilipokwisha, wanakikundi walijadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani au kufukia madimbwi. Maadui wa siku hizo walikuwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu.

Maadui hao hawajatoweka, ila wamepata wenzao. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wagonjwa wa kisukari 53 kati ya watu 6,097. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi katika kila 100, na shinikizo la juu la damu kwa watu 26 katika kila 100. Umri wa waliopimwa na njia za upimaji havikuwa sawa. Hata hivyo, mwelekeo haufichiki.

Adui asiyeonekana

Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli. Katika kisukari cha aina ya pili, seli huacha kuiitikia insulini ipasavyo, hasa mwili unapokuwa na mafuta mengi tumboni. Sukari iliyobaki katika damu huharibu mishipa polepole. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo. Ndiyo sababu kutembea na kulima ni kinga.

Chumvi nyingi, kwa upande wake, huufanya mwili uhifadhi maji, na damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena zaidi ya mara moja, moyo, figo na ubongo vimo hatarini.

Hapa ndipo ugumu wa elimu hii ulipo. Choo kisichochimbwa huonekana na kila mpita njia, bali shinikizo la damu laweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote. Kwa hiyo kikundi cha leo hakina budi kuongeza jambo moja juu ya mjadala na kazi: kupima.

Mfano wa ugenini na wa nyumbani

Katika jimbo la North Karelia, nchini Finland, kazi ya namna hii ilianza mwaka 1972. Vyama vya akina mama, shule, maduka na wahudumu wa afya walishirikiana kupunguza siagi, chumvi na tumbaku. Katika muda wa miaka 40 hivi, vifo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilivyotokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Matibabu bora yalisaidia pia, lakini badiliko la jikoni lilitangulia.

Tuchukue sasa Sola, mkoani Simiyu. Mkulima wa pamba anayeshika jembe hana haja ya kuhimizwa mazoezi wakati wa kilimo. Anayehitaji ushauri ni yule akaaye dukani mchana kutwa, au apandaye bodaboda kwa safari ya nusu saa kwa miguu. Vyakula vinavyofaa vipo mashambani: dona, dengu, choroko na mboga za majani. Cha kupunguza ni soda, sukari katika chai, na chumvi, isizidi kijiko kidogo kimoja kwa mtu kwa siku. Nao Wasukuma, waliozoea kulima kwa vikundi na ngoma, hawahitaji kufundishwa umoja.

Mwalimu aweza kuanza na darasa lake. Mwanafunzi aweza kumsindikiza mzazi wake zahanati kupimwa. Mtu aliyeambiwa husahau, lakini aliyekubaliana na wenzake huona haya kurudi nyuma.

Maswali

1. Tafuta asilimia ya wagonjwa katika utafiti wa 1989. Kwa nini haifai kuitoa moja kwa moja katika ile ya 2012?
2. Eleza jinsi kazi ya misuli inavyopunguza sukari katika damu.
3. Pimeni chumvi inayotumika nyumbani kwa juma moja, mkagawanye kwa idadi ya walaji na siku. Je, imezidi gramu 5 kwa mtu kwa siku?