Neno "Fail" Katika Habari za Mvua

Kila aliyepita shuleni alijua neno la Kiingereza "fail", nalo limekwisha kuingia katika Kiswahili kwa sura ya "kufeli". Kufeli mtihani ni kutopata alama zilizotakiwa. Lakini katika magazeti ya Kiingereza neno hili lina maana nyingine pia, na asiyezijua aweza kupotoshwa, hata akapata hasara.

Maana ya kwanza ni ya mvua. Gazeti liandikapo "the rains failed", halisemi kwamba hapakunyesha hata tone moja. Lasema kwamba mvua haikutimiza kazi yake: labda ilichelewa, labda ilikatika mapema, au ilinyesha siku chache tu, kisha jua likachoma. Huko Kitui na Makueni tofauti hii ni jambo kubwa. Majani huweza kuwa mabichi na mbuzi wakashiba, na huku mahindi, yakiwa yamekosa maji wakati wa kuchanua, yasitoe punje. Mpita njia huona kijani akadhani gazeti limesema uwongo. Mwenye shamba ajua kwamba ghala litakuwa tupu.

Tena yafaa kutazama ni mvua ipi inayotajwa. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua kubwa ni ya masika, Machi hata Mei. Lakini Ukambani wakulima hutegemea zaidi mvua ya vuli, Oktoba hata Desemba. Kwa hiyo habari ya kwamba masika yamekosa mvua ni mbaya, lakini habari kama hiyo ya vuli ni mbaya zaidi. Tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya mwaka 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Magazeti yaliiita "five failed seasons". Hiyo si miaka mitano, kwa kuwa kila mwaka una misimu miwili ya mvua.

Maana ya pili ni ya watu. "The chief failed to attend the meeting" haina maana kwamba chifu alijaribu kwenda akazuiwa. Maana yake ni kwamba hakuhudhuria, ijapokuwa alitazamiwa. Afasiriye "alishindwa kuhudhuria" humpa chifu udhuru ambao gazeti halikumpa.

Basi mkulima asomaye kwamba mvua "imefeli", asikimbilie kuuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa. Na aulize kwanza: Ni msimu upi? Ni mahali gani? Kilichokosekana ni nafaka, au ni malisho pia? Ikiwa malisho yangalipo, mbuzi waweza kungoja. Ikiwa malisho nayo yanakwisha, ni afadhali kuuza baadhi yao mapema, wangali wanono, kuliko kungoja mpaka wakonde na soko lijae.