Hurricane yako ya kwanza: kutoka boksi hadi kabatini

Anza na ndege ndogo ya injini moja. Liache lile boksi kubwa la Lancaster yenye injini nne, hata kama picha yake inakuita. Seti kubwa humaliza hamu ya mtu kabla yenyewe haijaisha. Hawker Hurricane ya skeli ya 1/72 inakufaa kabisa: vipande si vingi, umbo ni imara, na kosa dogo halionekani ukiwa hatua mbili mbali.

Maana ya 1/72 ni kwamba inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. Hurricane ilikuwa na mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, kwa hiyo yako itakuwa na sentimita 17 hivi. Inakaa vizuri kwenye kiganja. Skeli ya 1/48 ni nafuu kwa macho, lakini bei inapanda. Magari ya jeshi na vifaru utavikuta zaidi katika 1/35, na mbinu hizi hizi zitakufaa huko pia.

Kwa nini Hurricane? Kwa msomaji wa kwetu, ina njia inayopita Dar es Salaam. Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell mjini Dar Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Novemba 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, akajifunzia urubani huko huko kwenye Tiger Moth. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki, anapigana ndani ya Hurricane na skwadroni namba 80. Tiger Moth ya 1/72 nayo ipo madukani, ila ina mabawa mawili yaliyopandana na nyaya katikati. Hiyo iwe ya tatu au ya nne.

Chagua picha moja ya ndege moja, uishike hadi mwisho. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Hurricane zilitengenezwa zaidi ya 14,000 na zilibadilika mwaka hadi mwaka. Mpaka katikati ya 1940, nyingi za Uingereza zilikuwa na tumbo lililopakwa nusu nyeusi, nusu nyeupe. Kuanzia Juni mwaka huo rangi ya tumbo ikawa ile ya kijani iliyopauka iitwayo Sky. Ukichanganya picha tatu, utaunda ndege ambayo haijawahi kuruka popote. Ibandike picha yako ukutani mbele ya meza.

Sasa vifaa. Ukimwagiza ndugu anayekuja kutoka Ulaya au Dubai, mwambie alete seti, brashi na rangi za akriliki za maji, kama za Vallejo. Rangi za kopo la kupuliza na gundi zinazoshika moto haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Hata akriliki za Tamiya zina spiriti ndani, hivyo asije akanyang'anywa uwanjani. Kama unaagiza dukani, seti za kuanzia za Airfix huja na gundi, vikopo vya rangi na brashi ndani ya boksi moja.

Vingine viko mtaani. Msasa wa maji namba 400, 800 na 1000 uko kwa wauza rangi za magari. Kibano na wembe wa upasuaji viko kwenye duka la vifaa tiba. Masking tepu, gundi nyeupe ya mbao na super glue viko kwa fundi yeyote. Ongeza koleo ndogo ya kukatia nyaya, ile ya mafundi wa redio.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Anika kivulini. Jua la mchana, au dashibodi ya gari, hupinda bawa kwa muda mfupi.

Kipande usikivunje kwa mkono. Kikate mara mbili: kwanza mbali kidogo na ukingo, kisha karibu kwa wembe. Kinundu kinachobaki kisugue kwa msasa namba 400. Ukikata mara moja tu ukiwa umebana karibu, koleo hung'oa plastiki na kuacha shimo.

Unganisha bila gundi kwanza. Shika nusu mbili za bodi, ziweke pamoja, tazama zinapokataa. Weka bawa la chini. Toa, sugua, rudisha. Kazi hii haionekani kwenye modeli iliyokwisha, lakini ndiyo inayotofautisha ndege safi na ile iliyojaa puti.

Rangi ya chumba cha rubani ipake kabla ya kufunga bodi. Kijani kilichopauka kwenye kuta, nyeusi kwenye dashibodi. Chukua brashi kavu yenye alama tu ya rangi ya fedha, ipitishe juu ya dashibodi, saa zitajitokeza. Usiende zaidi ya hapo. Katika 1/72, kioo kikishafungwa, hakuna atakayeona mkanda wa kiti.

Gundi ya maji ya plastiki haibandiki vitu kama super glue; inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo shikanisha vipande kwanza, kisha gusa ungio kwa ncha ya brashi ya gundi. Gundi itajivuta yenyewe kwenye mstari. Subiri kama nusu dakika, halafu bana taratibu mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini umetoka kwenye ungio. Huo uzi ndio puti yako. Funga kwa masking tepu, acha mpaka kesho, kisha uparue kwa wembe na kusugua kwa msasa.

Hapa Hurricane ina mtego wake. Nyuma ya chumba cha rubani, bodi halisi ilikuwa kitambaa kilichovutwa juu ya mifupa ya mbao. Kwenye modeli utaona mistari laini ya urefu ikielekea mkiani. Hiyo si kasoro ya kiwanda, usiisugue. Bandika ukanda mwembamba wa msasa kwenye kijiti cha aiskrimu, ufuate ungio wa mgongoni peke yake. Zuia pande zote mbili kwa tepu ili mkono ukiteleza usile mistari.

Kabla gundi ya mabawa haijakaza, weka ndege usawa wa macho na uitazame kwa mbele. Mabawa yote yainuke sawasawa. Bawa moja likilala, inua kwa kibiriti au karatasi zilizokunjwa mpaka asubuhi.

Kioo cha rubani kishike kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa super glue hufanya kioo kiwe na ukungu mweupe, na huo hautoki kwa kufuta.

Rangi nyepesi kwanza, nzito baadaye. Tumbo, kisha kahawia ya udongo juu, kisha kijani iliyokolea. Mipaka ya mabaka ichore kwa penseli ukifuata picha yako. Punguza akriliki kwa maji kidogo, paka tabaka jembamba, liache likauke kabisa, paka la pili. Usirudi juu ya rangi iliyoanza kukauka, utaikwangua. Tabaka la kwanza litaonekana baya. Endelea.

Kama unaishi Mombasa, Tanga au Unguja, chunga hewa. Vanishi ya kupuliza siku yenye unyevu mwingi huweka utando mweupe. Ngoja siku kavu, fanya kazi hiyo mchana, dirisha wazi na barakoa usoni.

Sasa zile alama za kubandika kwa maji: nembo za duara na herufi za skwadroni. Paka kwanza vanishi ya kung'aa mahali zinapokaa. Kwenye rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini ya alama na kuifanya imetemete kama plastiki. Kata alama moja, izamishe kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde 20 hivi, itoe, iweke pembeni mpaka iteleze yenyewe. Isukume juu ya bawa kwa brashi yenye maji, isogeze ikae, kisha kausha kwa kugusa na karatasi laini kutoka katikati kwenda nje. Fanya upande mmoja, pumzika, kisha mwingine. Zikikauka, funika ndege yote kwa vanishi isiyong'aa.

Uchafu usiuzidishe. Vibandiko vyekundu mbele ya mabawa vilikuwa vya kitambaa, vimefunika midomo ya bunduki nane ili vumbi na unyevu visiingie. Risasi zikipigwa, vinatoboka. Kwa hiyo chagua: vibandiko vizima na bawa safi, au matundu na masizi chini ya bawa. Kwa masizi ya ekzosi, saga kipande cha mkaa juu ya msasa, chukua unga wake kwa brashi laini, upake kuanzia kwenye ekzosi kurudi nyuma, ukififia. Matairi yawe ya kijivu kilichokolea. Nyeusi tupu hufanana na kitu cha kuchezea.

Mwisho ni waya wa antena, kama picha yako inaonyesha, kutoka mlingotini hadi kwenye usukani wa mkia. Fremu tupu usizitupe: kata kipande cha urefu wa kidole, kishike juu ya mwali wa mshumaa ukikizungusha, bila kukigusisha moto. Kikianza kung'aa na kulegea, kitoe na vuta mikono yako taratibu pande mbili. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele. Bandika ncha moja kwa tone la super glue, acha ishike, kisha nyingine. Ukilegea, washa kibiriti, kizime, pitisha njiti yake ya moto karibu na uzi bila kuugusa. Uzi utajikaza wenyewe mbele ya macho yako.